Hatua mbili nyuma

Jana binti yangu alikuwa akiongea na bibi yake aliyeko Muscat, kwa video, intaneti ikisuasua. Kila mmoja ananyamaza kumngoja mwenzake, wanaanza kwa pamoja, wananyamaza tena. "Baba, mbona bibi anajibu swali la zamani?" Nikacheka peke yangu. Nilimkumbuka Mwalimu aliyetufundisha mitandao ya neva, zile hesabu za kompyuta zinazoiga seli za ubongo.

Siku ya mazoezi ya mitandao ya neva, umeme ukakatika. Tulishaanza kukusanya madaftari, Mwalimu akasema kaeni: mtandao huu unakwenda hatua kwa hatua, chaki na kikokotoo vinatosha. Akaandika neva moja tu. Thamani mpya ni 0.5 ya thamani ya sasa, toa 0.9 ya tanh yake; tanh hubana namba yoyote ibaki kati ya −1 na 1.

Tukaanzia 1. Yule mwenzangu wa Tanga anabonyeza, mimi naandika ubaoni: −0.185, 0.072, −0.029. Imetulia.

"Sasa hiyo tanh ichukue thamani ya hatua mbili nyuma," Mwalimu akasema. "Uzito, yaani 0.5 na 0.9, msiuguse."

Tukaandika 1 mara tatu, iwe ndiyo historia yake. −0.185. −0.778. −1.075. Nikadhani mwenzangu kakosea kubonyeza. Akarudia, namba ileile. Kisha −0.372, halafu ikavuka sifuri: 0.400, 0.912. Ikapanda, ikageuka, ikashuka tena. Neva ilikuwa inajirekebisha kwa bidii kabisa, ila kosa inalolirekebisha lilishapita. Haikulipuka, maana tanh haifiki 1. Kutulia nako ikakataa. Ikawa inazunguka, kila hatua 7 hivi.

Mengine aliyapitia mbiombio: Lyapunov, mwanahisabati Mrusi, na tasnifu yake ya 1892 kuhusu utulivu wa mwendo; Marcus na Westervelt, watafiti ambao mwaka 1989 walionyesha jinsi uchelewaji unavyoweza kuuyumbisha mtandao ambao bila huo ungetulia. Nilikuja kuyasoma baadaye. Ubaoni aliacha sharti moja: jumlisha ukubwa wa zile namba mbili za uzito, ukipata chini ya 1, neva hii itatulia hata uchelewaji uwe mrefu vipi. Zetu zilifika 1.4.

Nikasema basi tushushe 0.9 iwe 0.4, yaishe. Mwenzangu akakataa: hiyo itatulia kwa sababu haijali sana inachoambiwa. Mwalimu hakuamua. Alifuta ubao, akaaga.

Mimi na mwenzangu tunabishana mpaka leo. Mara ya mwisho, yeye ndiye alikuwa anaitetea 0.4.