Ganda la choroko limenitoa jasho leo

Ndiyo kwanza natoka maabara, mikono bado inanuka methanoli 😅

Choroko, hizi hizi tunazounga kwa nazi. Mradi wangu ni kujua kemikali zilizomo kwenye ganda lake la kijani. Tukakoboa, tukasaga, tukaloweka, tukachuja.

Kisha nikadondosha kitone kwenye sahani ya silika (ile inayotenganisha kemikali zilizochanganyika), pembeni ya viteksini halisi, kemikali ya mimea, ya kulinganishia.

Kwa macho hakuna cha maana. Sahani nyeupe tu.

Tukapuliza dawa ya kuonyesha flavonoidi (kundi la kemikali za mimea, viteksini ikiwemo), tukazima taa, tukawasha ile ya urujuanimno, nanomita 365.

Jamani!

Madoa mawili, kijani cha kuelekea manjano, yanawaka gizani. Moja limelingana kabisa na viteksini. Nilibaki nalitazama mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimelala.

La pili nahisi ni isoviteksini. Hao ni pacha: fomula moja, C21H20O10, ila sukari imeshika kaboni ya 6 badala ya 8. Mwalimu kagoma kushangilia. Anasema doa si ushahidi, tusubiri NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli. (Sawa mwalimu, lakini picha nishapiga.)

Haya, kwenu choroko mnapika na ganda au mnakoboa?