Ngiri ya kifuani baada ya kukatwa ini

Ukitaja ngiri watu wote akili inaenda kinenani, au kitovuni kama ni mtoto. Hii ninayoongelea leo inatokea juu kabisa, kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na inayoisababisha ni operesheni ya ini ambayo mtu alifanyiwa miezi au hata miaka nyuma akaishaisahau. Dada yangu ilimpata ndo maana nimeisoma sana.

Iko hivi. Ini limekaa kulia, limebanana na kiwambo na limeshikwa nacho kwa kano. Daktari akitaka kutoa upande wa kulia, iwe kuna uvimbe au mtu anamchangia ndugu yake ini, lazima kwanza alibandue pale, na anatumia kifaa cha umeme kinachochoma ili damu isimwagike, sasa msuli unaweza kuungua kidogo bila yeyote kuona, baadaye pale palipoungua panatoboka, na kama uvimbe uligandana na kiwambo basi kipande cha kiwambo nacho kinakatwa halafu panashonwa. Hata wanaounguzwa uvimbe kwa sindano ya joto bila kupasuliwa inaweza kuwatokea. Na lile ini lilikuwa kizibo hapo, likitoka utumbo unapanda kujaza nafasi, na kwa vile presha ya tumboni inazidi ya kifuani kile kitundu kinasukumwa kila siku, ukikohoa, ukinyanyua kitu, kinapanuka taratibu. Ini linakua tena ndio, ila kinachokua ni kipande kilichobaki, upande wa kulia haurudi ulivyokuwa.

Ni nadra, sitaki kutisha mtu. Ila inajua kujificha! Dada alianza kwa kuishiwa pumzi akipanda ngazi, na bega la kulia kuuma (neva ya kiwambo inatokea shingoni, kwa hiyo maumivu yanasikika begani, sisi tukasema kalalia vibaya). Eksirei ikaonesha weupe chini ya pafu la kulia, akapewa dawa za nimonia, dozi ikaisha hali ile ile. Mpaka alipoanza kutapika na tumbo kujaa ndo wakampiga picha ya CT, kumbe utumbo mpana uko kifuani.

Yaani utumbo ukinasa kwenye kitundu kidogo damu haifiki, unaanza kufa ndani ya masaa. Na jingine lililonitoa jasho, ule weupe mtu anaweza kudhani ni maji akachomeka mpira kifuani kuyatoa, akatoboa utumbo.

Wa dada ulikuwa bado mzima, ukarudishwa chini, tundu likashonwa kwa nyuzi zisizoyeyuka. Likiwa kubwa wanaweka wavu maalum. Isipokuwa dharura inawezekana hata kwa kamera na vitobo vidogo, na madaktari wengi wanashauri kushona hata kama huumwi, maana haijifungi yenyewe.

Kwa hiyo kama uliwahi kukatwa ini na sasa pumzi inakata au bega la kulia halielewi dawa, itaje ile operesheni mapema, hata kama wamekuja kuangalia kifua tu. Dada hakuulizwa, na yeye hakusema, aliona mapafu na ini haviingiliani kabisa.