Taa za dashibodi zinakonyeza, fundi anataka ninunue altaneta

Ilianza jioni natoka Ujiji, hapa Kigoma, nimembeba shemeji na ndoo yake ya migebuka, giza limeshaingia, mara taa za dashibodi zikaanza kucheza, zinafifia zinarudi zinafifia tena. Shemeji akauliza "shem, hii gari mbona inakukonyeza?" Nikacheka ila rohoni nshaanza kupiga hesabu, maana gari yenyewe ya mwaka 2003 na kila ikiumwa inaumwa kwa pesa.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi umeme mmoja pale Mwanga, hata boneti hajafungua vizuri ashasema altaneta hiyo, yaani ile mashine inayozalisha umeme wa gari na kuchaji betri, laki na themanini ya mtumba. Nikamuuliza umejuaje, akachukua spana namba 10 anataka kuchomoa kichwa cha betri gari ikiwa inaunguruma, eti ikizima basi altaneta imekufa. Hapo nikamwambia kaka weka spana chini. Najua mafundi wengi wanafanya hivyo na wamefanya miaka yote, lakini betri ndo inayotuliza umeme wa altaneta, ukiitoa ghafla volti zinaruka juu na hizi gari zenye kontroli boksi (kompyuta ya gari) unaweza ukaenda na tatizo la taa ukarudi na gari haiwaki kabisa. Nikamlipa maji ya kunywa nikaondoka.

Nyumbani nina multimita, kile kipimo cha umeme, niliyonunua elfu kumi na tano. Ila kabla ya mita nikafanya kitu cha bure, usiku nikapaki gari nikaielekeza kwenye ukuta, taa kubwa nimewasha, nikakaa ndani natazama. Dashibodi ikififia na mwanga ukutani unafifia, na taa ya ndani juu ya kichwa nayo vilevile, zote kwa pamoja. Sa hapo ndo kesi ilipogeuka, kwa sababu ingekuwa dashibodi peke yake ningeanza kufungua plastiki za watu bure, lakini zikicheza zote ujue ugonjwa uko kule umeme unakogawanywa, yaani betri, altaneta, au waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi. Nikapiga resi, hakuna tofauti. Mkanda uliolegea au kaboni zilizoisha kwenye altaneta mara nyingi vinajionyesha gari ikiwa silensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, ukikanyaga mafuta taa zinatulia. Yangu haikujali resi, ilikuwa inajali mashimo. Nikitingisha bodi kwa mkono tu taa zinacheza.

Asubuhi nikaweka mita kwenye betri. Gari imezimwa volti 12.5, imewashwa 14.2, na altaneta nzima inatakiwa iwe kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Nikageuza mita kwenye umeme wa AC kuangalia dayodi, zile za ndani ya altaneta zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC wa betri, maana ikisoma zaidi ya nusu volti gari ikiwa inaunguruma dayodi imekufa, yangu ilisoma kidogo sana. Laki na themanini ya fundi ikawa imepona.

Ikabaki ethi. Waya mweusi wa mita nikaugusisha hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi, nikawasha taa kubwa na feni. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri, ikivuka 0.2 kuna mahali umeme unahangaika kupita. Mita ikasema 0.8, nikatingisha waya wa ethi ikaruka 1.1. Nikaufuata ule waya mpaka unapofungwa kwenye bodi chini ya kikalio cha betri, nati imelegea na kichwa chake kimevaa unga mweupe wenye ukijani kama ukungu wa mkate. Betri ilivuja zamani, sijui mwaka gani, tindikali ikawa inakula taratibu.

Nikafungua hasi kwanza, daima hasi kwanza, maana spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya utaona cheche za bure. Jikoni nikachukua magadi, maji ya moto, mswaki mbovu, nikamwagia pale unga ulipo, ikatoa povu lote (angalia tu yasiingie kwenye vifuniko vya betri). Nikakausha, nikapiga msasa mpaka chuma ikang'aa pande zote mbili, nikakaza, nikapaka grisi kwa juu. Mita ikasoma 0.05, nikatingisha gari mpaka jirani akachungulia, haikusogea.

Usiku nikaenda hadi Kibirizi na kurudi, taa kubwa zimetulia kama za msikitini. Dashibodi nayo imetulia, ila pale kwenye spidi kukawa kunatetemeka kidogo bado, nikawa nimeanza kukata tamaa, kumbe ile gurudumu ndogo ya kupunguzia mwanga wa dashibodi ilikuwa na uchafu ndani, hakuna anayeigusa toka gari ije. Nikaizungusha juu chini mara kama ishirini, kwisha. Hiyo ilikuwa ugonjwa wa pili uliojificha nyuma ya wa kwanza.

Gharama yote kipande cha msasa, mia tano. Sa hivi mama watoto anatafuta magadi yake ya maharage, nimemwambia amuulize shemeji.