Nilivyokuwa mshenga wa vyuo vikuu katika Bonde la San Joaquin

"Wazazi usiwaingize. Hapa mtoto akifika miaka 18 ni mtu mzima."

Niliambiwa hivyo wiki yangu ya kwanza kazini, na mtu aliyekuwa na miaka mingi kwenye ushauri wa masomo kuliko mimi. Nikamwamini kwa miaka miwili mizima. Katika miaka hiyo niliona vijana sita wakipokea barua za kukubaliwa na vyuo vikuu vizuri, kisha wasiende. Hawakufeli wala hawakukosa nafasi. Hawakwenda tu. Nikiwakumbuka mpaka leo naumia.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi wa chuo cha jamii, au komyuniti koleji kama tunavyosema huku, wahamie chuo kikuu wakamalizie shahada. Chuo chetu kiko California, katikati ya mashamba ya lozi na zabibu, na wanafunzi wengi ni watoto wa familia zilizotoka Meksiko: baba yuko shambani, mama yuko kiwandani anafungasha matunda. Waswahili wenzangu wengi wanavidharau vyuo hivi, wanasema ni vya walioshindwa. Mimi mwenyewe nilianzia huko. Miaka miwili ya kwanza unalipa dola 46 kwa yuniti, yaani kipimo cha uzito wa kozi, na mwenye kipato kidogo anasamehewa hata hizo. Miwili ya mwisho unaisoma chuo kikuu, na shahada unayotoka nayo haina tofauti na ya aliyeingia pale tangu mwaka wa kwanza. California iliuweka mpango huo mwaka 1960, na ndio ulionipa maisha niliyonayo.

Lakini nao una mitego. Mimi nilipoteza yuniti 11, karibu muhula mzima, kwa kuwa niliambiwa "chukua kozi yoyote ya jumla, mengine utayaona mbele." Ushauri huo bado unatolewa, na kila nikiusikia damu inachemka. Hupandi basi lolote pale stendi ukitumaini litaishia Lushoto. Mwanafunzi akiingia ofisini kwangu, namuuliza kwanza anataka kumalizia wapi na fani gani, kisha tunafungua tovuti ya ASSIST, inayoonyesha kozi ipi ya chuo chetu inahesabiwa kuwa kozi ipi ya chuo kikuu kile. Tunapanga kwa kurudi nyuma, toka shahada hadi Jumatatu ijayo. Anayesomea biolojia akichelewa kuanza kemia muhula mmoja, amechelewa mwaka, kwa sababu kemia zinapandiana kama ngazi.

Halafu kuna Septemba. Kampasi sita za University of California, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zinampa mwanafunzi wa chuo cha jamii dhamana: timiza masharti yetu, jaza fomu ndani ya Septemba, nafasi ni yako. Unachagua kampasi moja tu. Oktoba mosi mlango umefungwa. Kwa hiyo Agosti nzima nawasumbua watoto wa watu kwa simu, na siombi radhi.

Sasa nirudi kwa wazazi. Mwaka wangu wa tatu niliamua kuuvunja ule ushauri, nikaandaa mkutano wa familia. Nilipanga viti 40, nikachapisha vipeperushi vya Kihispania, nikatayarisha picha za kuonyesha ukutani jinsi mshahara wa mwenye shahada unavyompita asiye nayo. Nikaupanga Jumamosi, saa nane mchana, katikati ya Septemba.

Walikuja akina mama watatu.

Septemba ni mavuno ya lozi. Mashine zinatikisa miti, vumbi limetanda bonde zima, na hakuna mtu atakayeacha kibarua cha Jumamosi aje kutazama picha ukutani. Hilo lingeweza kusahihishwa kwa kubadili tarehe. Kosa kubwa lilikuwa jingine. Mmoja wa wale akina mama aliinua mkono akauliza, "Na Jumapili, atakuja nyumbani?" Nami nikamjibu kwa mshahara. Nilimwonyesha tena ile picha! Akanisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaondoka. Binti yake naye hakwenda.

Jawabu lilinijia Aprili iliyofuata. Binti mwingine, mwenye alama nzuri mno, alipata Davis, biolojia. Alikuja ofisini na barua mkononi akilia: baba amesema asome hapa hapa karibu, basi. Nikamkumbuka marehemu baba yangu, alivyokataa nisiende shule ya bweni Lushoto. Mwalimu mkuu aliandika barua, haikufua dafu. Aliyemgeuza ni shangazi, aliyekuja na khanga mbili na sukari, akakaa barazani tangu alasiri hadi magharibi, na shule akaitaja anaaga. Pwani mtoto wa watu haombwi kwa barua. Anatumwa mshenga.

Basi nikaamua kupeleka posa.

Mshenga hatoki peke yake, tena mimi ni mgeni pale. Nikamtafuta mama mmoja ambaye binti yake alikuwa Davis mwaka wa pili, na bahati ikawa nzuri: alikuwa comadre wa mama wa huyu binti. Comadre ndivyo mama anavyomwita mama wa ubatizo wa mtoto wake, na uzito wake unakaribia ule wa somo au shangazi kwetu. Nikanunua boksi la mikate mitamu kwenye duka lao la mikate, kama dola 20 hivi, ndiyo ikawa kifungua mlango. Tukaenda Jumapili baada ya misa.

Nilikuwa nimejiapiza kutosema neno juu ya chuo mpaka niulizwe. Kahawa ililetwa. Tukazungumza maumivu ya mgongo, bei ya mafuta, kisima cha jirani kilichokauka. Mzee mwenye nyumba alinihoji juu ya Tanga: tunalima nini? Nikamweleza mkonge, na kumbe anaujua! Asili ya mmea ule ni kwao, Meksiko, na jina la Kiingereza la mkonge ni la bandari ya Yucatán. Tulikaa hapo karibu nusu saa, yeye akichora majani mezani kwa kidole. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia. Ndipo akaweka kikombe chini, akasema, "Maestra," yaani mwalimu, "najua umefuata nini."

Hapo nilinyamaza, akazungumza comadre. Alieleza alivyolia wiki mbili bintiye alipoondoka. Alitoa simu akaonyesha chumba chake, na wasichana anaoishi nao. Jumapili? Si kila Jumapili. Anapanda treni kutoka Davis hadi Sacramento, safari fupi tu, kisha nyingine inayoshuka bondeni; mwezi haupiti bila kumwona. Mzee akawa anatikisa kichwa polepole. Kisha likatoka lile ambalo miaka yote hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Na nani atakwenda na mama yake kliniki?"

Mama alikuwa na kisukari, Kiingereza hajui. Tangu binti ana miaka kumi, ndiye aliyekuwa mkalimani wake kwa daktari, benki na shuleni kwa wadogo zake, na alipokua, ndiye aliyeendesha gari. Haikuwa suala la baba mkali. Nguzo ya nyumba ndiyo iliyokuwa inaombwa iondoke. Hilo picha ya mishahara haiwezi kulijibu.

Lakini mimi nilikuwa na la kujibu. Kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, hata kama ni kwa simu. Hawakujua. Jumatatu nilikaa na binti, tukapiga simu kliniki, wakaandika kwenye faili la mama kwamba anahitaji mkalimani wa Kihispania kila miadi. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka 16. Kuendesha likawa lake. Zile benki na barua, comadre akasema walete kwake.

Ikabaki pesa. Barua ya msaada wa fedha ilitaja gharama ya jumla ya zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka, chumba na chakula humo, na mzee alipoiona mara ya kwanza aliikunja akairudisha kwenye bahasha. Sheria hainiruhusu kumfungulia mzazi rekodi za mwanafunzi bila idhini yake, kwa hiyo binti mwenyewe ndiye aliyesoma, kwa Kihispania, mstari kwa mstari. Nilimpa kalamu nyekundu: kila penye neno mkopo, kata. Barua hizi zinapanga mikopo na ruzuku safu moja, na mtu mzima mwenye akili zake anachanganyikiwa. Ada yote ilikuwa imelipwa, kwa kuwa kipato chao kilikuwa chini ya dola 80,000, kikomo cha wakati ule cha kulipiwa ada. Cal Grant, ruzuku ya jimbo, na ruzuku nyingine zilibeba sehemu kubwa ya chumba. Bila mkopo ilibaki kama elfu nne na kitu, na kazi ya maktaba ingelipa sehemu yake. Mzee aliomba ile barua aishike mwenyewe.

Binti alithibitisha nafasi siku mbili kabla ya Juni mosi, ambayo ndiyo tarehe ya mwisho.

Tangu hapo nimekwenda nyumba nyingi. Wako wasio na hati za ukaazi, ambao hofu yao ni jina kuingia kwenye karatasi za serikali. Kwao natangulia kueleza sheria ya jimbo ya 2001 inayowapa ada ya mkaazi waliosoma sekondari hapa miaka mitatu, na fomu ya California Dream Act, wanayojaza badala ya FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za masomo. Kwao sisukumi. Naacha maelezo, narudi wiki ya pili. Ziara zangu nimezihamishia Februari, lozi zikiwa zimechanua na kazi mashambani hazijashika kasi, ili barua za Aprili zikifika mazungumzo yawe yameshaanza. Na nimejifunza kuuliza mapema, kabla hata ya fani: nyumbani kwenu wewe unafanya kazi gani?

Yule mzee alinipigia simu mwaka uliofuata. Mwenzake wa shambani alikuwa na kijana aliyepata Santa Cruz, na mama mtu hataki kusikia. Aliuliza tunakwenda saa ngapi, na kama mikate anunue yeye.