Kwa Miguu hadi Saswad

Juni ya mwaka 2014 mvua zilichelewa Maharashtra, India. Pune ilikuwa imekauka, na katika jengo letu mazungumzo yote yalikuwa ya maji: bomba linafunguliwa saa ngapi, lori limeleta au halijaleta, nani kaacha ndoo zake kwenye ngazi. Nilikuwa mwanafunzi, nimepanga chumba kwa mjane mmoja mtu mzima ambaye jengo zima lilimwita Aaji, yaani Bibi. Kila mwaka Aaji alikwenda Pandharpur na msafara wa mahujaji, kilomita kama 250, wiki tatu njiani. Mwaka ule goti lilikuwa linamsumbua. Mwanawe alimkataza, hakusikilizwa. Akashuka bei: basi angalau mtu amsindikize siku ya kutoka Pune hadi Saswad, maana ni siku ndefu na ina mlima. Mjukuu alikuwa na mtihani. Macho yakanigeukia mimi.

"Wewe chuo kimefunga," Aaji akasema, "na miguu unayo."

Nimekulia Tanga. Wahindi niliowajua utotoni walikuwa wenye maduka, wengi asili yao Gujarat, na Ubaniani kwangu ulikuwa taa za Diwali, fataki, na sahani ya vitu vitamu iliyoletwa na jirani. Sikujua kwamba kuna Uhindu wa wakulima, wa watu waliofunga vilemba na kubeba mabegi ya plastiki, wanaotoka vijijini mwao kumfuata mungu mmoja mweusi wa jiwe aliyeshika kiuno. Huyo ndiye Vithoba wa Pandharpur, au Vitthal, na jina lake nililisikia mara nyingi zaidi siku ile kuliko jina langu mwenyewe maisha yangu yote.

Tulianza kabla ya jua, mtaa wa Bhavani Peth, nje ya hekalu ambamo machela ya Dnyaneshwar, walii wa karne ya 13, ilikuwa imelazwa. Huwa inatoka Alandi, mji mdogo jirani na Pune, na ile ya Tukaram, walii mwingine, hutoka Dehu. Zote mbili hulala Pune kisha kila moja hushika njia yake, zikutane tena karibu na Pandharpur kwa ajili ya sikukuu ya Ekadashi ya Ashadh, mwezi wa kalenda ya Kihindu. Ndani ya machela hakuna sanamu. Kuna viatu vya fedha tu vya walii, vimewekwa kwenye gari linalovutwa na ng'ombe dume weupe, maua mpaka magurudumuni. Mbele na nyuma ya gari wanatembea watu malaki, wamegawanyika katika vikundi viitwavyo dindi, na kila dindi ina namba yake na nafasi yake. Namba hizo zinalindwa kweli kweli. Nilimwona mzee mmoja akigombezwa kwa kuchepukia dindi isiyo yake kama mtu aliyeingia chumbani kwa watu bila hodi.

Ndani ya dindi, wanaume wenye kofia nyeupe wanapiga matoazi, mmoja anabeba ngoma, mmoja anabeba vina, chombo cha nyuzi ambacho hakiwekwi chini kamwe safarini. Akichoka anampa mwenzake. Wanawake wanabeba kichwani chungu kidogo chenye mche wa mrehani. Aaji alikuwa na wake. Nilitaka kumpokea, akanitazama kama nimemwomba meno yake.

Nje tu ya Bhavani Peth mzee mmoja akanijia na kidole chenye unga mweusi, anataka kunipaka kwenye paji la uso kama alivyowapaka wengine. Nilirudi nyuma hatua moja. Ilikuwa imebaki chini ya wiki moja Ramadhani iingie, na mama yangu Tanga alikuwa ameshanipigia simu kuniuliza kama nimelipa siku zangu za mwaka uliopita. Aaji akamwambia, "Huyu Mwislamu." Mzee akakunja kidole. Kisha akainama, akanigusa miguu, akasema "Mauli," yaani Mama, akaenda zake. Kwetu mtoto ndiye anayemwamkia mkubwa. Babu wa miaka sabini kuinama mbele ya binti wa ishirini na tatu lilinipiga kifuani. Aaji akaniambia nisishangae, wote njiani huitana hivyo na hugusana miguu, mdogo kwa mkubwa na mkubwa kwa mdogo. "Na machela ya Tukaram," akaongeza, "ikitoka Dehu inasimama kwanza kwenye dargah. Kwa Anagadh Shah. Kabla ya hekalu lolote. Umesikia?" Nilisikia. Dargah ni kaburi la walii wa Kiislamu.

Njia ya Hadapsar ilikuwa kama harusi isiyokwisha. Watu wamepanga meza kando ya barabara wanagawa chai, ndizi, biskuti, maji. Vinyozi wananyoa bure. Mafundi viatu wameketi kwenye magunia wanashona bure, na vijana wengine wanakanda miguu ya wazee kwa mafuta. Hapo ndipo nilipogundua namna Aaji anavyowajua mawalii wake: aliwasimulia kama watu wa ukoo, wenye kazi zao na ubishi wao. Tukapita kwa kinyozi, akasema, "Sena alikuwa wa kazi hiyo." Akaona duka la nguo, akamkumbuka Namdev, mtoto wa mafundi cherehani. Tukaram alikuwa na duka la nafaka, njaa kubwa ya karne ya 17 ikamuulia mke na mtoto, duka likafa, akabaki na nyimbo. Walipomlazimisha azitupe nyimbo zake mtoni Indrayani, daftari zilikaa majini siku kumi na tatu kisha zikaelea juu, kavu. Alipofika kwa Gora, mfinyanzi aliyezama katika kuimba hadi akamkanyaga mwanawe mwenyewe ndani ya udongo, sauti ilibadilika. "Mtoto alirudishiwa uhai," akasema upesi, kisha, baada ya hatua kadhaa, "lakini mkewe nani anamtaja?"

Siku ile yenyewe ilikuwa ekadashi, siku ya kumi na moja ya mwezi unaofifia, kwa hiyo Aaji alikuwa amefunga. Mfungo wao hauzuii kula, unazuia nafaka. Saa tano tuliketi chini ya turubai la dindi yake, wakatupakulia sabudana, chenga nyeupe zilizokaangwa na karanga na pilipili. Niliuliza zinatokana na nini, nikaelezwa kwa ishara za mikono: mzizi mrefu, ganda la kahawia. Muhogo! Nimevuka bahari nzima kuja kula muhogo kwenye mfungo wa Wabaniani. Nilikula sahani mbili.

Hapo ndipo Aaji alimsimulia Pundalik, maana bila yeye hakuna Pandharpur. Kijana huyu alikuwa mkorofi kwa wazazi wake, kisha akatubu, akawa hawabanduki. Siku moja Krishna akaja mlangoni pake kumwona. Pundalik alikuwa anawakanda baba na mama miguu. Hakuinuka. Akachukua tofali, akalirusha nje, akasema simama juu ya hilo, nikimaliza nakuja. Mungu akapanda juu ya tofali, akashika kiuno, akangoja. Hadi leo yuko juu ya tofali, ndiye Vithoba. Waimbaji wanasema amengoja enzi ishirini na nane.

"Alimwambia Mungu angoje!" Aaji akacheka, ameweka mkono juu ya goti.

Mimi nimelelewa katika dini ambayo Mungu haji kubisha hodi kwa mtu, seuze kurushiwa tofali. Lakini radhi za wazazi nilifundishwa tangu sijajua kuandika, na nilimwelewa Pundalik vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kabla ya mlima kamba ya kubazi la Aaji ilikatika. Fundi akalishona palepale, sindano mdomoni, akakataa hata shukrani.

Dive Ghat ni barabara inayojikunja juu ya mlima mkavu wenye nyasi na mawe, na chini yake kuna bwawa la zamani la Mastani. Mwaka ule nyasi zilikuwa za kahawia. Ukisimama kwenye kona ya juu ukatazama chini unaona barabara nzima imegeuka watu: kofia nyeupe, bendera za rangi ya zafarani, sari za kila rangi, na katikati gari la machela likipanda polepole, limeongezewa jozi za ng'ombe kwa sababu jozi moja haiwezi mwinuko ule. Jua lilikuwa kali. Hakuna aliyenyamaza. Nilidhani nyimbo zingepungua kadiri pumzi zinavyokatika, zikaongezeka. Matoazi yanapiga, mguu unakwenda, "Dnyanba Tukaram, Dnyanba Tukaram," na baada ya muda nilijikuta natembea kwa mapigo yale bila kuamua. Nilipochoka kabisa, Aaji mwenye goti bovu alikuwa mbele yangu.

Alinisubiri kwenye kona moja, tukaketi juu ya ukingo wa mawe. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa Janabai, mtumishi wa nyumbani kwa Namdev, ambaye Vithoba mwenyewe alikuja usiku kumsaidia kusaga unga. Mama yake Aaji alizoea kuziimba nyimbo hizo akizungusha jiwe alfajiri. "Wanawake wasiojua kusoma," akasema, "Janabai tunamjua wote."

Pale ukingoni alikuwapo mwanamke mwingine wa dindi, mtu wa upande wa Solapur, na ndiye aliyemtaja Chokhamela. Huyu alikuwa wa jamii iliyohesabiwa najisi, ya Mahar. Alimwimbia Vithoba maisha yake yote na hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha hekalu. Alifia Mangalvedha, ukuta waliokuwa wakiujenga ukamwangukia pamoja na wenzake, na Namdev alipokwenda kuchukua mifupa aliitambua yake kwa kuitegea sikio: ilikuwa bado inataja Vitthal. Ikazikwa mbele ya mlango wa hekalu. Mlangoni tena.

"Vithoba alitoka nje akala naye," Aaji akasema.

"Alitoka, sawa," yule mwanamke akamjibu. "Mlango aliufunga nani?"

Aaji hakujibu, akasukuma mawe kwa ncha ya kidole cha mguu. Mimi nilikuwa upande wa yule wa Solapur, na bado niko. Ni rahisi mno kwa wenye funguo kupenda hadithi ambayo Mungu anamfuata maskini nje, ili wao wasilazimike kufungua. Hekalu la Pandharpur lilifunguliwa kwa watu wa jamii ya Chokhamela mwaka 1947, baada ya Sane Guruji, mwalimu na mpigania uhuru, kugoma kula. Na Januari ya mwaka uleule tuliokuwa tunapanda mlima, Mahakama ya Juu kabisa ya India ilikuwa imetoa hukumu ya mwisho kuwaondolea koo za makuhani wa kurithi haki zao pale hekaluni. Yule mwanamke alikuwa na habari hiyo yote, na mwaka ule alikuwa anatembea, alisema, kwa kasi zaidi.

Saswad tulifika jioni. Ndugu yake mdogo Dnyaneshwar, Sopan, amezikwa huko. Dnyaneshwar na ndugu zake walikuwa watoto wanne waliotengwa na Mabrahmani, tabaka la makuhani, kwa sababu baba yao aliiacha dunia akawa mtawa, kisha akarudi kwa mkewe. Katika mji wa Paithan, hadithi inasema, Dnyaneshwar alidharauliwa, akaweka mkono juu ya nyati naye nyati akasoma Veda, maandiko yao matakatifu. Mwaka 1290, akiwa bado kijana mdogo, alikamilisha ufafanuzi wa Gita, kitabu chao kitukufu, kwa Kimarathi, lugha ya mama zao, si Kisanskriti. Mwaka 1296 akaingia kaburini Alandi akiwa hai, umri wake miaka ishirini na moja. "Leo analala kwa mdogo wake," Aaji akasema, kama mtu anayeona ni jambo la kawaida kabisa.

Uwanjani dindi zote zilijipanga kuizunguka machela, matoazi yakipigwa kwa pamoja hadi huwezi kusikia unachosema. Mara mtu mwenye fimbo ya fedha akainyanyua juu. Yote yakakatika. Malaki ya watu, kimya. Dindi moja tu, kushoto kwetu, iliendelea kupiga. Nilidhani hawakuona. Aaji akaninong'oneza kuwa wameona vizuri sana: dindi yenye malalamiko hainyamazi mpaka isikilizwe. Mwenye fimbo akaenda kwao, wakabishana, nadhani ilikuwa habari ya maji kutofika kwenye hema lao, wakaahidiwa, wakanyamaza. Ndipo vikatangazwa vitu vilivyookotwa: miwani, ufunguo, pochi. Ndipo dua. Nimehudhuria vikao vingi vya wanafunzi na vya kazini tangu siku ile, na sijaona utaratibu unaoushinda huo.

Mimi nilirudi Pune kwa basi la usiku, nimesimama. Aaji akaendelea Jejuri.

Alinipigia simu siku ya Ashadhi Ekadashi, nami niko jikoni natayarisha futari. Nyuma yake kulikuwa na kelele kama za soko. Nikamuuliza kama amemwona Vithoba.

"Foleni ile? Kwa goti hili?" Alikuwa amekoga mtoni Chandrabhaga, amegusa ngazi ya Namdev mlangoni mwa hekalu, ameona kilele cha hekalu kutoka barabarani, na wengi, alisema, hurudi nyumbani na kilele tu. Hakuonekana kuhisi amepungukiwa. Kilichomuudhi ni makubazi yake, yale yaliyoshonwa bure njiani: yameibwa kando ya mto wakati anakoga, na mapya kauziwa bei ya wizi.

"Hata mwizi ni hujaji," akasema. "Ila angechukua ya mtu mwenye magoti yote mawili."