Samaki wa mabaki ya uzi

Leo nimefuma samaki mdogo wa kuning'iniza, kwa mabaki matupu. Vile vibonge vya uzi vinavyobaki chini ya kikapu, visivyotosha hata soksi.

Vishono 6 kwenye duara, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18. Kulabu (ile sindano ya kufumia yenye ncha iliyopinda) nyembamba kidogo, ili vishono vibanane, pamba ya kujazia isichungulie nje.

Rangi sikuchagua. Uzi ukiisha, naunga unaofuata. Ndiyo maana ana tumbo la kijani na mkia wa zambarau (mzuri, msinibishie!).

Ila raha yenyewe ni kujaza.

Unasukumiza pamba kidogo kidogo, na vile vipande vya uzi ulivyokata navyo humo humo, mara kitu kilicholegea kinatuna, kinaota mashavu. Nimecheka peke yangu.

Bado macho.

Nimtarizie kwa uzi mweusi au nimshonee vifungo? Semeni.