Damu ya paja kwanza, formalini baadaye

Kifo kikishukiwa kuletwa na methamfetamini au MDMA, dawa za kulevya za kusisimua za jamii ya amfetamini, watu huuliza maabara ina mashine gani. Wangeuliza kwanza kilichofanyika mochari. Hapa Nairobi familia hutaka mwili uhifadhiwe upesi, safari ya mazishi mashambani inangoja, na mhudumu anadunga formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, kabla ya daktari kufika. Formalini huzipachika dawa hizi kikundi cha methili (kaboni moja na hidrojeni tatu): amfetamini inaweza kugeuka methamfetamini, nayo methamfetamini ikawa dimethilamfetamini. Maabara itaripoti dawa ambayo marehemu hakuigusa, au iikose aliyoitumia. Kama mwili umeshadungwa, saa ya kudungwa iandikwe kwenye fomu ya sampuli.

Damu itoke mshipa wa paja. Damu ya moyo haifai kwa kupima kiasi, kwa sababu baada ya kifo dawa hutoka kwenye mapafu na ini ikaingia moyoni, na kipimo chake kinaweza kuwa mara mbili ya kile cha paja. Funga mshipa kwa uzi upande wa juu, chota mililita 10 chini ya fundo, na usiukamue mguu. Chupa iwe na sodiamu floridi, kemikali inayozuia damu kuharibika, ya asilimia 1 hadi 2, yaani hadi miligramu 200 kwa mililita hizo 10. Vichupa vya kifuniko cha kijivu vya kupimia sukari mara nyingi vina robo ya asilimia tu. Ongeza mkojo, maji ya macho yote mawili, kipande cha ini kutoka ndani ya sehemu yake ya kulia, na yote yaliyomo tumboni baada ya kupimwa uzito. Maji ya jicho yana kazi ya pekee kwa MDMA: sodiamu ikiwa chini sana, huenda aliyekufa alikunywa maji kupita kiasi na ubongo ukavimba.

Kipimo cha awali cha mkojo ni cha kuchuja tu. Psudoefedrini ya dawa za mafua huweza kukidanganya, na amini za mwili ulioanza kuoza vilevile.

Halafu kuna miraa. Kathinoni, kichangamshi kilicho ndani yake, na methamfetamini zote husomeka 150 kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli isiyotenganisha desimali. Zikivunjwa ndani ya mashine, methamfetamini hutoa vipande vya uzito wa 119 na 91, kathinoni hupoteza maji ikabaki 132. Anayeangalia kipande kimoja bila muda ambao dawa ilitumia kupita kwenye safu, mrija unaotenganisha dawa kabla ya kupimwa, anacheza kamari. Kathinoni pia huharibika upesi kwenye alkali, na kuitoa amfetamini kwenye sampuli hutumia alkali hiyohiyo.

Wakati wa kukausha kimiminika chenye dawa iliyotolewa kwenye sampuli, tone la asidi ya hidrokloriki ndani ya methanoli ni la lazima, la sivyo dawa inapaa pamoja na gesi ya naitrojeni inayopulizwa kukikausha. Kiwango cha ndani chenye deuteriamu, yaani kiasi kinachojulikana cha dawa ileile yenye hidrojeni nzito kinachoongezwa kwenye sampuli, husahihisha hesabu, lakini hakirudishi kilichopotea. Sampuli hafifu itasomeka haina kitu.

Namba ikishapatikana, isisomwe peke yake. Mtumiaji sugu huweza kuendesha gari akiwa na miligramu 1 kwa lita, na mwingine akafa akiwa na sehemu ya kumi ya hiyo. Kwa hiyo daktari anahitaji joto la mwili lililopimwa pale ulipokutwa, hali ya mishipa ya ubongo, uzito wa moyo na rangi ya mkojo. Joto hasa halipatikani tena mwili ukishaingia kwenye friji.